Mwanga na Rangi: Taa za Nyuma za Gari

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba mwanga husafiri katika mstari mnyoofu, na kwamba baadhi ya vitu hupitisha mwanga na vingine huuzuia. Katika sura hii utajifunza mambo yanayoupata mwanga unapopita katika kitu chenye rangi, na unapopita katika kitu kilichokwaruzwa. Kitu tutakachokichunguza ni taa ya nyuma ya gari. Taa hiyo ni ndogo, lakini maisha ya watu wengi huitegemea.

1. Kazi ya taa za nyuma

Wakati wa jioni, simama pamoja na mtu mzima mahali pa salama, mbali na barabara. Tazama magari yanayopita. Mbele ya gari utaona taa nyeupe. Nyuma utaona taa nyekundu. Kwa sababu hiyo, dereva aonapo taa nyeupe gizani hujua kwamba gari linamjia, na aonapo taa nyekundu hujua kwamba linakwenda mbele yake.

Taa za nyuma zina kazi kadhaa. Taa nyekundu zisizo kali huwaka muda wote wa usiku. Dereva akikanyaga breki, taa nyekundu zilizo kali zaidi huwaka. Taa za kuonyesha upande, ambazo madereva huziita indiketa, huwaka na kuzimika. Nyingi zina rangi ya machungwa. Taa nyeupe ya nyuma huwaka wakati gari linaporudi kinyumenyume tu. Tena kuna kipande chekundu kisicho na balbu. Hicho huitwa kiakisi. Hakitoi mwanga wake chenyewe, bali hurudisha mwanga wa taa za gari linalokuja nyuma. Gari likiharibika usiku na taa zake zote zikazimika, kiakisi bado hufanya kazi.

Katika magari mengi, balbu moja ya nyuma ina nyuzi mbili ndani yake. Uzi mmoja hutumia umeme wa wati 5, nao ni wa taa ya kawaida. Uzi wa pili hutumia wati 21, nao ni wa breki. Tofauti hii ya ukali ndiyo inayomwambia dereva wa nyuma, "Punguza mwendo!"

2. Rangi nyekundu hutoka wapi?

Fundi akikifungua kioo cha taa ya nyuma, mara nyingi huona balbu nyeupe ndani. Basi kwa nini mwanga unaotoka nje ni mwekundu?

Mwaka 1666 Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alianza kuchunguza mwanga wa jua kwa kutumia kipande cha kioo chenye pande tatu, kiitwacho prizimu. Aliona kwamba mwanga mweupe uliopita katika prizimu uligawanyika ukatoa rangi zile tuzionazo katika upinde wa mvua. Kisha aliipitisha rangi moja peke yake katika prizimu ya pili. Rangi hiyo haikubadilika tena. Kwa hiyo aligundua kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1672.

Jaribio la 1

Vifaa: tochi, karatasi nyeupe, karatasi nyekundu ya peremende inayopitisha mwanga, na nyingine ya kijani.

Jinsi ya kufanya: Ingia katika chumba chenye giza. Mulika karatasi nyeupe kwa tochi. Sasa funika tochi kwa karatasi nyekundu. Unaona rangi gani? Ondoa karatasi nyekundu, uweke ya kijani. Unaona rangi gani? Mwisho, weka karatasi zote mbili pamoja, moja juu ya nyingine. Unaona nini?

Maelezo: Watu wengi hudhani kwamba karatasi nyekundu huupaka mwanga rangi, kama mtu apakavyo ukuta rangi. Kama ingekuwa hivyo, karatasi ya kijani ingeupaka mwanga mwekundu rangi ya kijani. Lakini umeona kwamba karatasi mbili zikiwekwa pamoja, mwanga karibu wote hupotea. Sababu ni hii: karatasi nyekundu haiongezi kitu chochote katika mwanga. Huiacha rangi nyekundu ipite, na kuzifyonza rangi nyingine. Karatasi ya kijani nayo hufyonza nyekundu. Zikiwa pamoja, hakuna rangi nyingi inayobaki ya kupita.

Kioo cha taa ya nyuma hufanya kazi kama karatasi nyekundu. Ingawa tunakiita kioo, katika magari ya siku hizi ni plastiki iliyochanganywa na rangi tangu ilipotengenezwa. Kumbuka jambo hili kubwa: kitu chenye rangi kikiwekwa mbele ya taa huupunguza mwanga. Hakiuongezi kamwe.

3. Taa zilizotiwa giza

Baadhi ya watu hupenda taa za nyuma za magari yao ziwe nyeusi, wakiona kwamba gari hupendeza. Hubandika juu ya kioo karatasi nyembamba ya plastiki yenye rangi ya moshi, au hupulizia rangi nyeusi nyepesi. Mchana gari hilo huonekana kama halina taa nyekundu kabisa. Je, mwanga umepatwa na nini? Tufanye hesabu.

Chukua kwamba karatasi hiyo hupitisha nusu ya mwanga. Taa ikitoa sehemu 100 za mwanga, sehemu 50 tu zitatoka. Ukibandika karatasi ya pili, nusu ya 50 itapita, yaani 25. Ukibandika ya tatu, zitabaki sehemu 12 na nusu. Ndivyo ilivyo pia fundi anapopulizia rangi mara moja, mara ya pili na mara ya tatu.

Sasa fikiri juu ya kiakisi. Mwanga unaokifikia hutoka nje. Lazima upite katika karatasi nyeusi unapoingia, na upite tena unaporudi. Kati ya sehemu 100, huingia 50. Na kati ya hizo 50, hutoka 25 tu. Hivyo karatasi moja hukiumiza kiakisi kama vile karatasi mbili ziumizavyo taa. Kile kilichowekwa kutulinda wakati taa zimezimika ndicho kinachopofuka kwanza.

Jaribio la 2

Vifaa: tochi, karatasi nyekundu ya peremende, na vipande vitatu vya filamu ya zamani ya eksirei.

Tahadhari: Usitazame jua kamwe kwa kupitia filamu ya eksirei. Jua litayaharibu macho yako.

Jinsi ya kufanya: Fanya jaribio hili uwanjani wakati wa mchana. Funika tochi kwa karatasi nyekundu. Mwenzako asimame hatua 30 mbele yako, akikuelekezea tochi. Awashe na kuzima tochi mara 10, kwa wakati apendao yeye. Wewe inua mkono kila unapoona imewaka. Mwanafunzi wa tatu aandike ulipatia mara ngapi. Rudieni mkiweka kipande kimoja cha filamu, kisha viwili, kisha vitatu. Andikeni matokeo katika jedwali.

Je, ulichelewa kuinua mkono filamu zilipoongezeka? Je, mara nyingine hukuona kabisa?

Maelezo: Mchana mwanga wa jua ni mkali sana, na mwanga hafifu hauonekani kwa urahisi karibu na mwanga mkali. Ndiyo sababu taa ya breki iliyotiwa giza huweza kuonekana usiku, na isionekane mchana. Dereva anayelifuata gari hilo anaweza kuchelewa kujua kwamba linasimama. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita yapata mita 22 katika sekunde moja. Pima mita 22 katika uwanja wa shule, kisha utembee kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio mwendo ambao gari hukwenda dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki. Katika nafasi hiyo anaweza kuwapo mpanda baiskeli, au watoto wanaovuka njia.

Kwa sababu hii nchi nyingi zimeweka kanuni za taa. Mkataba wa kimataifa juu ya usafiri wa barabarani, uliofanywa mjini Vienna mwaka 1968, unataka taa nyekundu za nyuma za gari zionekane usiku, wakati hewa ni safi, kutoka umbali wa mita 300 angalau.

4. Taa zilizofifia

Taa nyingine hupoteza mwanga bila kupakwa rangi yoyote. Tazama taa za gari la zamani. Mara nyingi plastiki yake imepauka, ina ukungu na mikwaruzo mingi. Ndani ya mwanga wa jua mna miali isiyoonekana kwa macho, iitwayo miali ya urujuanimno. Miali hii huiharibu plastiki polepole. Ndiyo inayofanya ndoo ya plastiki iliyoachwa juani ivunjike upesi, na kanga iliyoanikwa kila siku juani ipauke. Tena mchanga na vumbi la barabarani hukwaruza plastiki.

Jaribio la 3

Vifaa: kipande bapa cha chupa angavu ya plastiki, msasa, maji, mafuta ya kupikia, dawa ya meno na kitambaa laini.

Jinsi ya kufanya: Shika kipande cha plastiki sentimeta 5 juu ya kitabu. Soma maneno kwa kupitia plastiki. Sasa kisugue upande mmoja kwa msasa, kisha ujaribu kusoma tena. Unaona nini? Paka maji mahali uliposugua, usome. Ngoja maji yakauke, usome tena. Mwisho paka mafuta kidogo.

Maelezo: Msasa umefanya mabonde na vilima vidogo vidogo juu ya plastiki. Mwanga ukifika hapo hutawanyika kila upande, kama mpira unaodundishwa juu ya mawe. Kwa hiyo plastiki huonekana nyeupe kama ukungu. Maji yanapoingia katika mabonde hayo, uso wa plastiki huwa kama umesawazishwa, na mwanga hupita vizuri zaidi. Maji yakikauka, ukungu hurudi. Mafuta hayakauki upesi, lakini hunasa vumbi.

Sasa futa mafuta, uisugue plastiki kwa dawa ya meno na kitambaa kwa dakika kadhaa. Dawa ya meno ina chembe ngumu zilizo ndogo sana. Chembe hizo hupunguza vilima, na ukungu huanza kupungua.

5. Kazi ya fundi

Fundi anayerudishia taa uangavu wake hutumia maarifa hayo hayo. Kwanza huosha taa kwa maji na sabuni ili kuondoa mchanga. Pili, hubandika utepe wa karatasi pembezoni ili asikwaruze rangi ya gari. Tatu, husugua kwa msasa uliolowa maji. Huanza na namba 800, kisha 1000, kisha 2000. Namba ikiwa kubwa, chembe za msasa huwa ndogo zaidi. Kila msasa hufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia na kuacha mikwaruzo myembamba zaidi. Nne, hung'arisha kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Tano, taa ikiwa safi na kavu, hupaka vanishi isiyo na rangi. Vanishi hujaza mikwaruzo iliyobaki, kama yale maji katika jaribio lako. Tena ikiwa ni ya aina inayozuia miali ya urujuanimno, huilinda plastiki.

Kwa kuwa rangi nyekundu imechanganywa ndani ya plastiki yote, msasa hauiondoi. Lakini petroli na tina zinaweza kuifanya plastiki ipasuke nyufa ndogo. Zisitumike kuoshea taa.

Tahadhari: Kupulizia vanishi ni kazi ya mtu mzima, nayo hufanywa mahali pa wazi, mbali na moto. Mvuke wake hudhuru mapafu na huweza kuwaka.

Mambo ya kukumbuka

Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi.
Plastiki nyekundu hupitisha mwanga mwekundu na kufyonza rangi nyingine.
Kila tabaka la rangi juu ya taa hupunguza mwanga. Katika kiakisi, mwanga hupunguzwa mara mbili.
Uso uliokwaruzwa hutawanya mwanga. Uso laini huupitisha.

Maswali

1. Kwa nini mwanga karibu wote hupotea karatasi nyekundu na ya kijani zinapowekwa pamoja?
2. Karatasi ya giza hupitisha nusu ya mwanga. Karatasi mbili zimebandikwa juu ya kiakisi. Kati ya sehemu 100 za mwanga, ni ngapi zitakazorudi?
3. Kioo chekundu cha taa kimevunjika, na sasa mwanga mweupe unaonekana nyuma ya gari usiku. Dereva wa nyuma anaweza kudhani nini?
4. Kwa nini fundi haanzi kusugua taa kwa msasa namba 2000?
5. Mtu mmoja anasema, "Nimetia taa zangu giza, lakini usiku naziona vizuri." Mweleze kwa nini jibu lake halitoshi.

Kazi ya nyumbani

Chunguza kiakisi cha baiskeli iliyo nyumbani kwenu au kwa jirani. Kimulike kwa tochi usiku kutoka hatua 20. Kisha kioshe kwa maji na sabuni, ukikaushe, ukimulike tena. Andika tofauti uliyoiona, na umweleze mwenye baiskeli.