Nyumba Yangu na Sheria ya Kijiji

Tuseme una nyumba na kiwanja huku Matamba. Je, waweza kujenga lolote upendalo?

Haki yako ni kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Mwanamke naye ana haki hiyo.

Lakini jirani pia ana haki. Ukijenga zizi kando ya mto, wanaokaa chini watakunywa maji machafu. Ndiyo maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kijiji nacho hutunga sheria ndogo. Mwenyekiti hatungi peke yake. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, Mkutano Mkuu hujadili, Halmashauri ya Wilaya huthibitisha. Ukiamriwa kubomoa, uliza: sheria hiyo ilipitishwa lini? Omba kuisoma.

Basi tuhudhurie mikutano. Asiyesema mkutanoni atalalamika nyumbani.

Maswali
1. Nani huthibitisha sheria ndogo?
2. Kwa nini tusijenge zizi kando ya mto?