KIOO CHA KUSOMEA PICHA ZA EKSIREI: KWA NINI HUPIMWA?

Wilhelm Röntgen aligundua miali ya eksirei mwaka 1895. Kwa miaka mingi baadaye picha za mifupa na mapafu zilisomwa katika filamu iliyowekwa mbele ya sanduku lenye taa. Siku hizi nyingi husomwa katika kioo cha kompyuta. Kioo hicho ni chombo cha kupimia, mfano wa mizani ya dukani. Nacho hupotoka kadiri kinavyotumika, kwani taa yake hufifia.

Madhara yake si madogo. Kivuli hafifu katika sehemu ya juu ya pafu huweza kuwa dalili ya kifua kikuu. Tena, picha ikipigwa Kivunge, kaskazini mwa Unguja, na kupelekwa kusomwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, haina budi kuonekana sawasawa katika vioo vyote viwili. La sivyo, daktari mmoja ataona kivuli na mwenziwe hatakiona.

Mng'ao wa kioo hupimwa kwa kipimamwanga, na kipimo chake ni kandela kwa mita ya mraba. Picha huundwa kwa ngazi za kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Jicho la binadamu halizitambui ngazi hizo kwa usawa: penye giza huhitaji tofauti kubwa zaidi, kwa uwiano, kuliko penye mwanga. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa iitwayo DICOM, katika sehemu yake ya 14, imeweka ngazi 1,023 kati ya mng'ao wa 0.05 na takriban 4,000. Kila ngazi huizidi iliyotangulia kwa tofauti ndogo kabisa ambayo jicho la kawaida laweza kuitambua. Kusawazisha kioo, basi, ni kupima mng'ao wa ngazi zake, kuulinganisha na kanuni hiyo, na kusahihisha palipopotoka.

Hata hivyo, kioo kilichosawazishwa huweza kuharibiwa na dirisha. Tuchukue kioo ambacho weupe wake ni 350 na weusi wake ni 1. Uwiano ni 350. Dirisha likifunguliwa kwa jua la mchana la Mji Mkongwe, na mwanga unaoakisiwa na kioo ukawa 4, weupe utakuwa 354 na weusi 5. Uwiano utashuka hadi 71 hivi. Nyeupe haikubadilika sana. Kilichopotea ni vivuli vya gizani. Ndiyo maana chumba cha kusomea picha huwekewa mapazia mazito.

ZOEZI. Katika kompyuta ya shule, chora mraba wa ngazi 0, na ndani yake mraba mdogo wa ngazi 13. Chora mwingine wa ngazi 255, na ndani yake mdogo wa ngazi 242. Je, miraba midogo yote miwili yaonekana? Fungua dirisha, kisha utazame tena. Ni upi uliotoweka kwanza, na kwa nini?