Lori la Jeshi na Karatasi Zake: Mtego wa Mnunuzi wa Kwanza Texas

Lori lililoondolewa katika utumishi wa jeshi la Marekani huweza kupatikana katika maeneo ya Dallas–Fort Worth na Houston kwa bei inayoshindana na ya gari dogo lililotumika, na kwa sababu hiyo kijana wa Lewisville anayetafuta chombo chake cha kwanza, hasa mhamiaji kutoka Afrika Mashariki au Kongo anayetaka kitu kimoja kitakachompeleka kazini na pia kumbebea mizigo ya watu mwisho wa juma, huliona kuwa ununuzi wa akili. Kinachomponza ni imani kwamba kitu kilichotoka mikononi mwa serikali hakiwezi kuwa na walakini wa kisheria, ilhali kasoro kubwa ya lori la namna hii, hata injini yake ikiwa nzima kabisa, huwa imo katika karatasi.

Magari ambayo jeshi haliyahitaji tena hupitia chombo cha Wizara ya Ulinzi kinachojulikana kwa kifupisho DLA, kisha hunadiwa mtandaoni na kampuni yenye mkataba, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa GovPlanet. Mshindi wa mnada hujaza cheti cha matumizi ya mwisho, yaani tamko la nani atalitumia gari na kwa kazi gani, na akiisha kuidhinishwa hupewa Fomu SF-97, ambayo ni cheti cha serikali kuu cha kumwezesha mnunuzi kuomba hati ya umiliki. Neno linalopuuzwa hapo ni kuomba. SF-97 yenyewe haimfanyi mtu kuwa mmiliki mbele ya sheria ya Texas; ni karatasi ya kupeleka katika ofisi ya mtoza kodi wa kaunti, ambayo kwa sehemu kubwa ya Lewisville ni Kaunti ya Denton, pamoja na Fomu 130-U na kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, ndani ya siku 30 tangu ununuzi.

Mtego hutegwa kati ya mnada na ofisi hiyo. Dalali hununua lori mnadani, huacha makusudi kuomba hati ili asilipe kodi na ili jina lake lisionekane katika kumbukumbu, kisha humuuzia mtu wa pili kwa kumkabidhi SF-97 yenye jina la mtu mwingine, au nakala yake, au risiti iliyoandikwa kwa mkono. Sheria ya Texas humtaka yeyote anayeuza magari matano au zaidi katika mwaka mmoja wa kalenda awe na leseni ya uuzaji, na kifungu cha 501.073 cha Sheria ya Uchukuzi kinasema waziwazi kwamba mauzo yaliyofanywa kinyume na sura hiyo ya hati ni batili, maana yake umiliki hauhami mpaka masharti yatimizwe. Kwa hiyo mnunuzi aliyelipa fedha taslimu na kuendesha lori mpaka nyumbani anaweza kuwa ameshika ufunguo wa mali ambayo kisheria haijawa yake. Dalali wa aina hii hajakosea kwa kutojua, kwa kuwa anayajua masharti kuliko mteja wake na anaishi kwa tofauti hiyo ya ujuzi. Akiongeza kibao cha muda cha karatasi ili lori liondoke uwanjani, mnunuzi asihitaji ushahidi mwingine, kwa sababu tangu tarehe 1 Julai 2025 wauzaji wenye leseni Texas hutoa vibao vya chuma, baada ya miaka mingi ya kashfa ya vibao vya karatasi vilivyoghushiwa.

Lipo jambo baya zaidi, nalo ni SF-97 iliyoandikwa kwamba gari ni la matumizi ya nje ya barabara tu. Sharti hilo lilijulikana sana Desemba 2014, magari ya Humvee yalipoanza kunadiwa kwa raia, lakini si Humvee peke yake zinazoweza kubeba maandishi hayo. Mnunuzi aliyeahidiwa kwamba maneno hayo yatasafishwa kaunti anauziwa chombo cha shambani kwa bei ya chombo cha barabarani.

Wala ripoti ya historia ya gari haimwokoi. Ripoti hizo hutegemea namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, ambayo magari ya kiraia yamekuwa nayo tangu 1981, ilhali malori mengi ya jeshi, kama M35A2, hubeba namba fupi ya mfululizo ambayo hifadhidata hizo haziitambui. Ripoti hurudi tupu, na muuzaji huitafsiri kuwa safi. Namba inayopaswa kuaminiwa ni ile iliyogongwa kwenye bamba la chuma ndani ya lori, nayo lazima ilingane, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyo kwenye SF-97.

Mnunuzi aliyekwisha kunaswa hana budi kutafuta hati ya dhamana. Huu ni utaratibu ambao Idara ya Magari ya Texas hupitia ushahidi uliopo, kisha humruhusu mwombaji kununua kwa kampuni ya bima dhamana yenye kiwango cha mara moja na nusu ya thamani ya gari, ili mwenye mali halisi akijitokeza ndani ya miaka 3 alipwe kutoka humo. Njia hiyo ni halali na imewasaidia wengi, lakini haiponyi lori lisilostahili hati kabisa, na mantiki yake inastahili kulaumiwa: aliyedanganywa ndiye anayelipia kinga dhidi ya kosa la aliyemdanganya, huku dalali akirudi mnadani na fedha zile zile.

Madalali wengine hupendekeza njia ya mkato ya vibao vya magari yaliyowahi kuwa ya kijeshi, ambavyo kifungu cha 504.502 huviruhusu bila kujali umri au uzito wa gari, mradi limetunzwa kwa sura yake ya kijeshi. Wanachokificha ni kwamba vibao hivyo ni vya maonyesho, gwaride, shughuli za vilabu na mengine ya aina hiyo, na kwamba kifungu hicho hicho kinakataza usafiri wa kawaida. Mtu ambaye lori ndilo chombo chake pekee hawezi kudai kwamba kila asubuhi anakwenda kwenye gwaride. Anahitaji usajili wa kawaida wa lori, unaotozwa kwa uzito, na leseni inayolingana: uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani wa lori pamoja na mzigo wake, ukifika pauni 26,001, sawa na kilo 11,800 hivi, leseni ya daraja C haitoshi. M35A2, yenye uzito mtupu wa pauni 13,000 hivi na uwezo wa pauni 10,000 barabarani, hubaki chini ya mpaka huo. Lori la tani tano la mfano wa M923 huuvuka, na hudai angalau daraja B, mbali na leseni ya kibiashara inayohitajika linapobeba mizigo kwa malipo.

Bima itafutwe kabla ya fedha kutoka, kwa kuwa kiwango cha chini cha Texas, dola 30,000 kwa kila aliyejeruhiwa, 60,000 kwa ajali na 25,000 kwa mali, ni lazima hata pale kampuni nyingi zinapokataa kulikatia lori la jeshi.

Kuhusu ubora wa chombo, sheria imemwacha mnunuzi peke yake kwa namna ya kushangaza. Viwango vya usalama vya serikali kuu haviyahusu magari yaliyotengenezwa na kuuzwa moja kwa moja kwa majeshi, na ndiyo maana M35A2 ina breki zenye mkondo mmoja wa mafuta, ambazo bomba likipasuka hupotea kwenye magurudumu yote. Ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari yasiyo ya biashara ulifutwa Texas tangu tarehe 1 Januari 2025, ingawa ada ya dola 7.50 iliyokuwa ikiambatana nao imebakizwa kwa jina jingine, na kipimo cha moshi kinachoendelea Denton, Dallas na Harris hakigusi injini za dizeli. Hata kanuni ya serikali kuu inayomlazimisha muuzaji kubandika dirishani tangazo la kama gari lina udhamini au linauzwa kama lilivyo inahusu tu magari yenye uzito wa juu chini ya pauni 8,500. Anayenunua kigari cha kwenda sokoni analindwa na tangazo, na anayenunua lori la tani sita hapewi hata kipande cha karatasi. Mpaka huo ni kana kwamba kila mnunuzi wa gari zito ni mfanyabiashara anayejua kujitetea, dhana ambayo uwanja wowote wa madalali ungeikanusha. Hakuna pia siku tatu za kubadili nia, ingawa wengi huziamini.

Kinachobaki ni Sheria ya Texas ya 1973 dhidi ya udanganyifu katika biashara, ijulikanayo kama DTPA. Maneno “kama lilivyo” katika mkataba yana nguvu, kama Mahakama Kuu Kabisa ya Texas ilivyoamua 1995 katika kesi ya Prudential na Jefferson Associates, lakini mahakama hiyo hiyo ilisema hayamkingi muuzaji aliyempata mteja kwa uongo au kwa kuficha alichokijua. Muuzaji aliyeandika katika ujumbe wa simu kwamba karatasi ni safi, ilhali anajua SF-97 inakataza barabara, ameshaacha ushahidi. Mnunuzi hutuma barua ya madai siku 60 kabla ya kushtaki, hufungua kesi ndani ya miaka 2, na dai lisilozidi dola 20,000 husikilizwa na hakimu wa amani wa kaunti bila ulazima wa wakili. Udanganyifu wa kujua ukithibitika, fidia inaweza kufika mara tatu ya hasara ya fedha.

Anayepanga kulituma lori nyumbani baadaye ajue kwamba asili yake ya kijeshi huliweka chini ya udhibiti wa Marekani wa bidhaa zitokazo nje, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya nchi zenye vikwazo vya silaha. Kenya nayo haisajili kwa kawaida gari lenye usukani wa kushoto wala linaloingizwa likiwa limezidi miaka 8.

Kwa lori linalobaki Texas, maegesho nayo yana masharti yake: mpangaji wa fleti asome mkataba wake kabla ya kuegesha, na mwenye nyumba asome masharti ya chama cha mtaa, ambayo lazima yasajiliwe katika kumbukumbu za ardhi za kaunti na hivyo yako wazi kwa kila mtu. Lori likivutwa, mmiliki ana siku 14, bila kuhesabu mwisho wa juma na sikukuu, za kuomba kusikilizwa na hakimu wa amani, na hakimu akiona hapakuwa na sababu ya kulivuta, gharama za kulivuta na kulihifadhi huhamia kwa upande uliolivuta au ulioagiza livutwe.