Habari za Kachera, Vazi la Ndani la Masikh

Nguo ninayotaka kuwaeleza habari zake ni nguo ya ndani, na najua wengine wataanza kucheka kabla hawajafika mstari wa tatu. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nilicheka. Mwanzoni mwa mwaka huu tulipewa bukta mpya za mpira, fupi sana, na mwenzetu mmoja wa bwenini, kijana wa Kisikh (au Kalasinga, kama tulivyozoea kusema), akaingia uwanjani na suruali nyeupe ya pamba ikichungulia chini ya bukta yake hadi karibu na magoti. Nikapaza sauti nikasema kwamba amekuja mpirani na foronya ya mto. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yeye hakujibu neno. Alicheza mpaka mwisho, na jioni akaniambia, "Wewe, bwana, waona jambo usilolijua, nawe huulizi, wacheka tu."

Maneno hayo yalinichoma. Basi nikauliza, na haya ndiyo niliyoyapata, mengine kwake, mengine vitabuni.

Vazi hilo huitwa kachera. Ni suruali fupi, pana, ya pamba, na kiunoni haina mpira wala kifungo, bali kigwe kinachopita ndani ya upindo. Wanaume huivaa, na wanawake vile vile. Si kila Msikh anayeivaa. Inayemlazimu ni yule aliyepokea amriti, yaani maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga wenye makali mawili ndani ya bakuli la chuma, huku sala zikisomwa. Anayeyanywa maji hayo ameingia katika jamaa iitwayo Khalsa, na tangu siku hiyo yampasa kuwa na vitu vitano mwilini mwake maisha yake yote: nywele zisizokatwa, kitana cha mti, bangili ya chuma, jambia, na kachera. Mwenzangu aliipokea amriti akiwa na miaka 15, naye asema hakuna aliyemshurutisha.

Asili ya mambo haya ni mji wa Anandpur, katika nchi ya Punjab huko Bara Hindi, mwaka 1699, siku ya sikukuu ya Vaisakhi. Guru Gobind Singh, wa kumi katika walimu wakuu wa Masikh, alisimama mbele ya mkutano mkubwa, upanga wazi mkononi, akauliza ni nani atakayetoa kichwa chake. Mapokeo yao husema kwamba walijitokeza watu watano, mmoja baada ya mwingine, watu wa miji iliyo mbali mbali na wa kazi za kawaida. Mmoja alikuwa kinyozi, mmoja mchota maji. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kupewa amriti, kisha Guru mwenyewe akawaomba wao wampe yeye. Yafaa kukumbuka kwamba baba yake, Guru Tegh Bahadur, aliuawa mjini Delhi mwaka 1675 kwa amri ya mfalme Aurangzeb. Mtu aliyejiunga na Khalsa siku ile alijua kwamba huenda akaitwa vitani usiku wo wote.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Watu wengi wa nchi ile siku zile walivaa dhoti, kitambaa kirefu kisichoshonwa, kinachozungushwa kiunoni na kupitishwa katikati ya miguu. Anayetaka kujua taabu ya nguo ya kujifunga na ajaribu kukimbia akiwa na msuli, kisha aruke mfereji, kisha apande farasi! Mimi nilijaribu mawili ya kwanza nyuma ya bweni, na sitasimulia yaliyonipata. Kachera haifunguki kwa mbio, hainasi katika kikuku cha farasi, na mtu akiamshwa ghafula yu tayari amevaa. Wala vita havikuwa vya wanaume peke yao. Mwaka 1705, mahali ambapo leo paitwa Muktsar, mwanamke aitwaye Mai Bhago aliwaongoza wanaume arobaini kwenda kupigana.

Walakini vita si maana yake yote, wala si maana iliyo kubwa. Sheria ya Khalsa yamkataza mtu kulala na asiye mume wake au mke wake, na kachera ndiyo alama ya ahadi hiyo. Mwanamume huwahesabu wanawake wengine wote kuwa mama zake, dada zake au binti zake; na mwanamke vivyo hivyo kwa upande wake. Mwenzangu alinionyesha fundo la kigwe chake. "Mpira wa kiunoni hushuka kwa kidole kimoja," alisema, "lakini fundo lataka mikono miwili, na kabla hujalimaliza umekwisha kukumbuka."

Nikamwuliza kwa nini alama ya ahadi kubwa hivyo iwekwe mahali pasipoonekana. Akanijibu kwamba kilemba na bangili vina mashahidi wengi. Akikosa kuvivaa, mama yake atamwuliza, wazee hekaluni watamwuliza, hata sisi bwenini tutamwuliza. Kachera haina shahidi. Akiiacha leo nani atajua? Jibu hili nililifikiri kwa siku nyingi. Sisi tumezoea kudhani kwamba stara ni kwa ajili ya macho ya watu, kwa hiyo mtu akifunga mlango wa chumba chake shughuli ya stara imekwisha. Kumbe wapo waishikao hata mlango ukiwa umefungwa.

Tena mtu asidhani ni nguo ngeni katika nchi zetu. Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896, watu wengi waliletwa kutoka Punjab, na kati yao Masikh waliokuwa maseremala, wahunzi na waashi. Hekalu lao la Makindu, kando ya reli hiyo, lilijengwa mwaka 1926, na msafiri wa dini yo yote hupewa chakula pale bila malipo. Basi kachera imekuwa ikianikwa juu ya kamba za Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya miaka mia moja.

Sasa nije kwenye taabu zake, maana ziko, na mwenye bweni la vijana arobaini anazo zaidi. Ya kwanza ni kuoga. Wako Masikh wanaoshika sana desturi ya kutokaa hata dakika moja bila kachera. Huoga nayo. Akimaliza kuoga, mtu hutoa mguu mmoja katika ile iliyolowa, akautia katika ile kavu, kisha ndipo autoe mguu wa pili na kuutia vile vile. Kwa mtu asiyezoea, kusimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye sabuni si jambo la mchezo. Mwenzangu hufanya bila hata kushika ukuta. Desturi hii ya mguu mmoja si ya Masikh wote. Kanuni zao zilizokubaliwa mwaka 1945 zasema kwamba kachera yaweza kushonwa kwa kitambaa cho chote, wala hazitaji mambo ya mguu mmoja. Lakini yeye ndivyo alivyofundishwa na babu yake, naye hataki kuacha.

Ya pili ni mshono. Duka la nguo za ndani halina kachera, kwa hiyo hushonwa na mama yake kwa cherehani, au huagizwa. Nilipima moja kwa rula, kwa ruhusa yake: kiuno kikinyoshwa ni zaidi ya mara mbili ya kiuno cha mwenyewe, na ni kigwe kinachokusanya kitambaa chote hicho kuwa mikunjo. Kati ya miguu kumetiwa kipande cha ziada, ili mtu aweze kuchutama au kupanda mti bila kupasua kitu. Nguo iliyoshonwa bila kipande hicho, asema, haimalizi muhula.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni masika. Pamba nene haikauki upesi. Mtu ahitaji kachera moja mwilini, moja kavu ya kubadili, na moja kambani, na wiki ya mvua zile tatu hazitoshi. Anazo tano, na bado nimemwona akiipiga pasi iliyolowa saa nne ya usiku, mvuke ukipanda kama wa chungu cha wali. Mimi nilimwambia wazi kwamba naona taabu hii imezidi, na kwamba mpira wa kiunoni na kitambaa chepesi vingemwokoa. Hakukasirika. Alisema amekwisha kuyasikia hayo kwa binamu zake.

Mwalimu wa michezo alimwuliza kama ataka bukta ndefu zaidi. Akasema ile aliyo nayo yatosha, naye angali akicheza nayo upande wa kulia, nyeupe ikichungulia kama siku ile. Juma lililopita, dakika tano kabla ya kengele ya mstarini, ncha ya kigwe ilimpotelea ndani ya upindo. Ikipotea hivyo hakuna njia ila kuchoma pini katika ncha ya pili ya kigwe, kukichomoa chote, na kukipitisha upya kuzunguka kiuno kizima. Nilimpa pini yangu, nikamshikia kilemba, na wote wawili tulichelewa.