Istilahi na Utafutaji wa Kumbukumbu za Serikali za Mitaa Tanzania Bara

Mtafiti wa Kiswahili cha kiutawala anayetaka kusoma mihtasari ya vikao vya wilaya au vya kijiji hukabiliwa na tatizo ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la urasimu, ilhali kwa kiasi kikubwa ni la lugha. Barua yake huomba jambo moja, masijala ikaelewa jingine.

Neno taarifa ni mfano ulio wazi. Katika mazungumzo ya kila siku maana yake ni habari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, imelipa upana zaidi, kwani kwayo ombi la mwananchi laweza kuhusu maandishi yaliyohifadhiwa na mamlaka ya umma. Lakini katika ofisi ya halmashauri, taarifa ni ripoti: taarifa ya utekelezaji, taarifa ya mapato na matumizi. Anayeomba "taarifa za kikao" huenda akapewa kurasa chache zilizosomwa mbele ya madiwani, asipewe muhtasari, yaani maandishi yanayoonyesha nani alitoa hoja gani na uamuzi ulifikiwaje. Mwanafunzi wa fasihi, kwa upande wake, hulikwepa neno muhtasari akidhani ni ufupisho tu. Vivyo hivyo, katika lugha ya watunzaji, kumbukumbu ni zile zinazozalishwa na kutumika ofisini, na nyaraka ni zile zilizochaguliwa kuhifadhiwa daima. Kwa mtu wa kawaida waraka ni barua tu.

Hata istilahi ikiwa sahihi, ombi litapotea lisipoelekezwa kwa mrithi wa chombo kilichoandika. Hapa ndipo penye ugumu hasa. Majalada hufuata ofisi. Hayafuati jina la mahali. Mtafiti wa enzi ya Waingereza ataanzia Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, penye majalada ya ofisi za wilaya na Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa waliandika habari za mila, machifu na ardhi. Vitabu hivyo vina thamani, ila ni sauti ya mtawala, tena kwa Kiingereza. Halmashauri za wilaya zilizofuata zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na shughuli zake zikawekwa chini ya wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya. Zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena mwaka 1984. Kwa hiyo kuiomba halmashauri ya leo majalada ya mwaka 1975 ni kuiomba kumbukumbu za wakati ambao haikuwapo. Busara ni kuuliza pia katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya na ya Katibu Tawala wa Mkoa. Miaka hiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kwa wingi na msamiati wa kijiji, mwenyekiti na mkutano ukaenea. Pengo lake si dogo kwa historia ya lugha.

Kuhusu utaratibu, hakuna mengi. Ombi huandikwa na kupelekwa kwa mamlaka husika, ambayo kwa halmashauri huongozwa na Mkurugenzi Mtendaji. Sheria ya 2016 inatoa siku 30 za kujibu, na haki hiyo ni ya raia. Mtafiti mgeni hutegemea kibali cha COSTECH. Litajwe jina la kikao, tarehe na, inapowezekana, namba iliyoandikwa baada ya "Kumb. Na." katika barua yoyote ya zamani, kwani namba hiyo humwonyesha karani jalada lenyewe. Ombi la "kumbukumbu zote za ardhi" ni rahisi kukataliwa.

Kijijini mambo ni mengine. Daftari la mkutano mkuu wa kijiji hutunzwa na mtendaji, mara nyingi katika kabati moja lenye rejista ya ardhi inayotakiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtendaji akihamishwa bila makabidhiano, daftari huweza kutoonekana tena. Kabla ya kuomba daftari, basi, inafaa kuomba hati ya makabidhiano: humo huorodheshwa kilichokuwamo kabatini siku ile, na jina la cheo cha aliyekipokea.