Bastola ya Mfukoni: Maswali Yanayonikera

Barua zinazouliza bei nimeziweka kando. Bei muulizeni muuzaji mwenye leseni. Nimebaki na zile zinazonikera na zile zinazonitia hofu.

*Afande, sitaki bunduki ya kuua. Nataka kabastola kadogo ka kutisha wezi tu. Zile za risasi ndogo haziwezi kumwua mtu mzima, sivyo?* (Mwenye duka la M-Pesa Kiminini, mnunuzi wa mahindi Kitale, mwalimu hapa Bokoli, na wengine walioandika hayo hayo.)

Sivyo. Jambo hili nitalieleza hadi mchoke, kwa sababu kila msimu wa mavuno, pesa zikianza kutembea, huzuka upya.

Risasi mnayoiita pointi ishirini na mbili ina kipenyo cha milimita 5.6 na uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Haifiki uzito wa sarafu ya shilingi moja. Mtu akiiona kiganjani hucheka. Lakini hutoka mtutuni kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, na ikiingia mwilini inaweza kugonga mfupa na kugeuza njia. Tundu la nje ni dogo, damu yavuja ndani. Jamaa wanaona doa kwenye shati, wanamfunga kitambaa, wanampa chai, wanasema amechubuka tu. Usiku anazidiwa. Aliyepigwa risasi, hata iwe ndogo namna gani, ni wa kukimbizwa hospitalini saa ile ile.

Kama hamniamini mimi, ulizeni historia. Seneta Robert Kennedy alipigwa risasi Los Angeles mnamo Juni 1968 kwa bastola ya pointi ishirini na mbili, ile ile mnayosema haiui, na akafa siku iliyofuata. Kule Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, Gavrilo Princip alitumia bastola ndogo ya FN inayoingia katika mfuko wa koti. Mwanamfalme Franz Ferdinand na mkewe Sophie walikufa wote wawili. Vikafuata vita vilivyowafikia hadi babu zetu, wakabebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza huko Tanganyika.

Tena risasi hiyo isipompata mwizi haipotei hewani. Hupenya mabati, hupenya mlango wa mbao nyembamba, na ikirushwa juu kidogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Nyumba zetu zimepakana. Wewe unamtisha mwizi, mtoto wa jirani yuko kitandani nyuma ya ukuta wa udongo.

Asiye tayari kwa lolote kati ya hayo anunue kufuli nzuri, taa ya nje na mbwa.

*Mimi ni mama, nauza nguo sokoni Kitale. Nimeambiwa ndogo ndiyo rahisi kwa mwanamke.*

Aliyekuambia hajawahi kuifyatua, mama. Rahisi ni kuibeba. Kuipiga ndiyo kazi. Kitako chake ni kifupi, kidole cha mwisho hakipati pa kushika. Mtutu ni mfupi, kwa hiyo mkono ukitikisika kidogo tu, risasi inakwenda kando kabisa. Na kwa kuwa chombo chenyewe ni chepesi, hukurudisha nyuma kwa nguvu zaidi kuliko bastola nzito yenye risasi ile ile. Ukipata leseni, fanya mazoezi ya kutosha kwenye uwanja wa shabaha. Na usiitie kwenye mkoba. Mkoba huwekwa chini ya kiti cha matatu, huachiwa mtoto, hunyakuliwa na kijana wa pikipiki. Ibebe mwilini, ndani ya ala inayofunika kifyatulio.

*Nikishatoa magazini, si bastola iko tupu?*

Hapana! Swali hili limezika watu. Magazini ikitoka, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, tayari kabisa. Elekeza mtutu mahali salama, kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini kwanza. Kisha vuta slaidi hadi mwisho, ishikilie wazi, angalia ndani ya chemba, halafu ingiza ncha ya kidole uhakikishe, maana gizani macho hudanganya. Ukianza kuvuta slaidi kabla ya kutoa magazini, umejipakilia risasi nyingine mwenyewe.

*Baba amefariki na kuacha bastola. Mimi ndiye kifungua mimba. Ni yangu?*

Pole kwa msiba. Shamba litagawanywa, ng'ombe watagawanywa, bastola haimo. Hati ya kumiliki silaha ni ya mtu mmoja, na huyo mtu hayupo. Ipelekeni kituo cha polisi pamoja na hati yake, mpewe stakabadhi. Ukiitaka, omba leseni kwa jina lako kama mtu mwingine yeyote. Msingoje matanga yaishe.

*Kuna dalali Bungoma mjini anasema atanitolea leseni bila mimi kuhojiwa.*

Tapeli.

*Kuna mganga anayechanja dawa ya kuzuia risasi. Wewe ni mtu wa huku, unasemaje?*

Nasema panda Chetambe, kilima hicho juu ya Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu walijichimbia ngome pale wakapambana na kikosi cha Hobley, afisa wa serikali ya Waingereza. Hawakukosa ujasiri, na risasi ziliwaua. Miaka kumi baadaye, katika vita vya Majimaji, watu walipewa maji wakaambiwa risasi zitageuka maji. Mganga wako akiwa na uhakika, mwambie yeye asimame mbele kwanza. Hatasimama.

*Vipi kuhusu bunduki ya kienyeji, au bastola ya bei nafuu inayovushwa kutoka ng'ambo ya mpaka?*

Barua hizi zilikuwa kadhaa, nazijibu pamoja. Ile ya kienyeji ina mtutu wa bomba la maji. Bomba la maji halikutengenezwa kustahimili mlipuko, nalo hupasukia usoni pa anayelishika. Ile ya magendo huijui ilikotoka. Huenda ilimwua mtu Kapenguria mwezi uliopita, na alama ambazo mtutu huacha kwenye risasi zitaonyesha ni hiyo hiyo, nayo imekutwa chini ya godoro lako. Zote mbili, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, itakupeleka jela. Walioishi Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 hawahitaji kuelezwa silaha zisizo na mwenyewe hufanya nini.

*Agosti tunapasha tohara. Naweza kufyatua moja hewani kumsindikiza kijana?*

Hapana. Kengele zake, chinyimba, zinatosha. Risasi iliyopanda itashuka, na uwanja umejaa watoto.

*Hati yangu imekwisha muda. Nangoja niuze mahindi ndipo nilipie mpya.*

Hati huhuishwa kila mwaka. Ikiisha, mbele ya sheria wewe huna tofauti na yule aliyenunua ya magendo. Ipeleke bastola kituoni leo, uchukue stakabadhi, kisha uuze mahindi.