Mji Ulioazima Walimu

Katika nchi zetu, mtu akitaja shule isiyo na walimu, mara moja sisi huwaza shule ya shamba la mbali: njia mbovu, nyumba ya mwalimu hakuna, na kijana aliyepangiwa kazi huko anatafuta barua ya daktari ili arudishwe mjini. Mjini walimu wapo. Yanayokosekana ni madarasa na madawati. Kwa hiyo habari ya Las Vegas, katika jimbo la Nevada huko Marekani, yafaa kuchunguzwa na kila mtu apendaye elimu, kwa kuwa mambo yake yamepinduka. Huko mji wenyewe, tena mji wa taa nyingi na fedha nyingi, ndio uliokaa miaka mingi ukitafuta walimu pasipo kuwapata. Na majengo ya shule yaliyowangoja yalikuwa mazuri, mengine bado mapya.

Tuanze na hesabu ya watu. Las Vegas ilizaliwa mwaka 1905 kama kituo cha reli jangwani. Mwaka 1931 jimbo la Nevada liliruhusu kamari, na mwaka huo huo ujenzi wa bwawa kubwa la Hoover ukaanza karibu na hapo. Hata hivyo, mwaka 1950 Wilaya ya Clark, ambayo mji huo umo ndani yake, haikufikia watu 50,000. Mwaka 1990 walikuwa 741,459. Mwaka 2000 walikuwa 1,375,765. Na hesabu ya mwaka 2020 iliwakuta 2,265,461. Tangu mwaka 1956 shule za serikali za wilaya nzima zimewekwa chini ya halmashauri moja. Halmashauri hiyo ilikuwa na wanafunzi laki moja na ushei mwaka 1990. Kabla ya mwaka 2008 walikuwa wamepita laki tatu, nayo ikawa ya tano kwa ukubwa katika Marekani yote.

Watoto wakija kwa wingi namna hiyo, jambo la kwanza linaloonekana kwa macho ni ukosefu wa majengo, na jambo hilo watu wa Las Vegas walilishughulikia kwa bidii. Mwaka 1998 wapiga kura waliikubalia halmashauri kukopa fedha, na katika miaka kumi iliyofuata shule mpya zaidi ya mia moja zikajengwa. Kulikuwa na miaka ambayo zilifunguliwa shule zaidi ya kumi kwa mwaka mmoja. Lakini mkopo wa ujenzi ni wa matofali na saruji. Haulipi mshahara wa mtu. Tena nyumba ya shule yaweza kusimama baada ya mwaka mmoja au miwili, hali mwalimu hutaka miaka minne ya chuo kikuu, na baada ya hapo miaka kadhaa zaidi kabla hajaweza kushika darasa sawasawa. Hapo ndipo kiini cha shida kilipo, na hapo ndipo wengi wasipotazama.

Walimu walitoka wapi, basi? Walitoka kwa watu wengine. Halmashauri ilihitaji walimu wapya wapatao 2,000 kila mwaka, na vyuo vya Nevada nzima havikuweza kutoa hata nusu yao. Maofisa wake walizunguka katika majimbo mengine kuwaajiri vijana waliomaliza vyuo huko. Walivuka hata bahari: katika miaka ya 2000, na tena katika miaka ya 2010, waliletwa walimu kutoka Ufilipino, hasa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, na wengi wa hao waliokuja mara ya pili walikuja kwa ruhusa ya kukaa miaka michache tu. Mji huu, kwa lugha nyepesi, uliishi kwa kuazima.

Mtu atauliza kwa nini haukulea walimu wake wenyewe. Sababu moja ni tabia ya uchumi wake. Kijana wa Las Vegas aliyemaliza sekondari aliweza kupata kazi katika hoteli kubwa, ya kupokea magari ya wageni au kuhudumia meza, na pamoja na bakshishi akapata fedha kumzidi mwalimu aliyemfundisha. Nani angemshauri kijana huyo aende chuoni miaka minne, atoke na deni, ili apate pungufu? Chuo cha Nevada State, ambacho mafunzo ya ualimu ni mojawapo ya kazi zake kubwa, kilifunguliwa mwaka 2002 tu, yaani baada ya wilaya kuongezeka watu zaidi ya laki sita katika miaka kumi.

Kuazima kuliwezekana wakati mambo mawili yalipokuwepo: nyumba za Las Vegas ziwe rahisi kuliko za kwingine, na majimbo mengine yawe na walimu wa ziada. Yote mawili yaliondoka. Katika California, jimbo jirani lenye watu wengi kuliko majimbo yote, wanafunzi waliojiandikisha kusomea ualimu walikuwa zaidi ya 75,000 mwaka wa masomo 2001–2002. Ilipofika 2012–2013 hawakutimia 20,000. Na nyumba ya kawaida katika Las Vegas, iliyouzwa chini ya dola 120,000 mwanzoni mwa mwaka 2012, iliuzwa kupita dola 480,000 katikati ya mwaka 2022. Mwalimu kijana wa Ohio au Michigan atahama kwa faida gani?

Katikati ya mabadiliko hayo ulikuja msiba wa mwaka 2008, fedha zilipoanguka duniani. Nevada iliumizwa kuliko majimbo mengi, kwa kuwa watu wasio na fedha hawaendi kucheza kamari. Mishahara ikasimamishwa, na mwaka 2012 halmashauri ikafuta nafasi za kazi zipatazo elfu moja. Barua za kuachishwa ziliwafikia hasa walimu vijana. Miaka mitatu tu baadaye ofisi hiyo hiyo ilikuwa ikitangaza kwamba inataka walimu 2,600. Twaona jambo hili lilidhuru kuliko mshahara mdogo, maana kijana anayechagua kazi ya maisha yake hukumbuka sana jinsi walivyotendewa waliomtangulia.

Mwaka 2015 msimamizi mkuu wa shule, Pat Skorkowsky, alivaa joho la shujaa wa vitabu vya picha, akateremka kwa kamba juu ya mtaa wa Fremont wenye nyumba za kamari, ili kuwaita mashujaa waje kufundisha. Hatumcheki, mtu aliyebanwa hujaribu kila njia, na katika mji wa maonyesho huenda hiyo ndiyo sauti inayosikika. Lakini mshahara wa kuanzia wakati huo ulikuwa dola 34,000 na kitu kwa mwaka, na shule zilipofunguliwa mamia ya madarasa hayakuwa na mwalimu aliyeajiriwa.

Kwa nini mshahara ulikuwa mdogo katika mji wa fedha? Katiba ya Nevada inakataza kodi juu ya mapato ya mtu binafsi. Serikali hutegemea sana kodi ya mauzo na kodi za kamari, ambazo hupanda na kushuka pamoja na wageni. Kodi ya nyumba nayo imefungwa kamba: mwaka 2005, thamani ya nyumba ilipokuwa ikipanda upesi, bunge la jimbo liliamuru kwamba kodi ya nyumba anayoishi mwenyewe isiongezeke kupita asilimia 3 kwa mwaka. Kinga hiyo ilikuwa ya huruma. Lakini baada ya mwaka 2008 thamani zilipoanguka, kodi ilianguka nazo. Thamani ziliporudi juu, kodi ilipanda kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2014 wapiga kura waliulizwa kama makampuni makubwa yatozwe kodi mpya kwa ajili ya shule, na zaidi ya robo tatu yao walikataa. Mwaka uliofuata Gavana Brian Sandoval aliongoza bunge kupitisha kodi nyingine za kusaidia elimu. Na mwaka 2016 bunge hilo liliruhusu dola milioni 750 za kodi ya vyumba vya hoteli zijenge uwanja wa mpira. Watetezi wake husema kodi hiyo hulipwa na wageni, na ni kweli; lakini wageni hao hao wangeweza kulipia kitu kingine.

Tena mapengo hayo hayakugawanywa sawasawa. Mwalimu mwenye miaka mingi ya kazi huweza kuomba shule aitakayo, naye huchagua vitongoji vipya vya pembezoni. Nafasi zilizobaki wazi zilirundikana kaskazini na mashariki mwa mji, wanakokaa wafagiaji wa hoteli na wapishi wake, wengi wao watu wa asili ya Meksiko na nchi za jirani. Mtoto wa huko aliweza kufundishwa mwaka mzima na walimu wa muda, na kanuni iliruhusu mwalimu wa muda awe mtu aliyemaliza nusu tu ya masomo ya chuo. Hivyo aliyemtandikia mgeni kitanda ndiye ambaye mtoto wake alikosa mwalimu.

Fedha zilipokuja, zilisaidia. Mshahara wa kuanzia ulipandishwa mwaka 2016 kupita dola 40,000, na mwaka 2022 ukapita dola 50,000, ingawa mwaka huo bado nafasi zaidi ya elfu moja zilikuwa wazi. Mwaka 2023 bunge la jimbo lilitenga dola milioni 250 za kuongeza mishahara ya watumishi wa shule. Mkataba mpya wa walimu, uliopatikana baada ya ugomvi mrefu na amri ya mahakama dhidi ya walimu kutofika kazini, uliweka nyongeza ya pekee kwa wanaokubali nafasi ngumu katika shule za maskini. Tangu hapo mapengo yamepungua. Sehemu ya nafuu hiyo, hata hivyo, si kazi ya mtu yeyote: wanafunzi wa halmashauri wanapungua sasa, wengine wakihamia shule zisizo chini yake, na idadi ya watoto wanaozaliwa ikiwa imeshuka.

Jambo tunaloliona kubwa zaidi lilianza kimya mwaka 2021. Chuo Kikuu cha Nevada kilichoko Las Vegas kiliwachukua wasaidizi wa darasani, ambao wamekaa miaka mingi katika shule zile zile wakimfutia mtoto kamasi na kumshika mkono anapoandika, kikawalipia masomo na kuwawezesha kupata digrii ya ualimu kwa muda wa mwaka mmoja hivi, wakiendelea na kazi yao. Wengi wao ni watu wa mji huo huo. Nyumba zao ziko hapo, watoto wao wanasoma hapo, na mtu wa kuwarudisha Ohio hayupo.